Printa Moja, Majina Mawili

Mwanamke yule aliingia kwa mlango wa nyuma, mlango ambao sisi watumishi tuliutumia kwenda kuwasha jenereta. Hakubisha. Aliweka karatasi juu ya kibodi yangu, juu ya vidole vyangu kabisa, akauliza kabla ya salamu:

“Ni nani alifanya hii karatasi ikuwe nyeupe hivi?”

Mama Dorothée, aliyekuwa kwenye meza ya pili akigonga mihuri, aliinua kichwa. “Mama, mulango ya batu iko mbele. Hii ya nyuma ni yetu sisi na kuku.”

“Kule mbele batu beko bengi. Na mi sikukuya kuomba kitu. Nilikuya kuuliza.”

Alikuwa mrefu, na kitenge chake kilifungwa begani jinsi wanawake wa Minembwe, kule milimani, wanavyokifunga. Viatu vyake vya plastiki vilikuwa na udongo mwekundu uliokauka, udongo wa huko juu, kwa maana mji wetu wa Baraka haukuwa umepata tone la mvua tangu mwezi wa sita. Nilivuta vidole vyangu taratibu nikaitazama karatasi. Ilikuwa yetu. Ilikuwa ruhusa ya kupita barabarani, ile ambayo mji mzima uliiita lesepase: jina Kabagwira, mzaliwa wa Minembwe, muda siku kumi na nne. Herufi zake zilikuwa na rangi ya majivu. Nilizitambua kama mama mshonaji anavyotambua mshono wake.

“Ni mimi, Mama,” nikajibu. Na naona haya kusema hivi, lakini nilitabasamu.

Nilitabasamu kwa sababu weupe ule ulikuwa kazi yangu ya kwanza ya kujivunia. Nilikuwa nimetoka Bukavu miezi minane kabla, na diploma ya kompyuta ndani ya bahasha ya plastiki, nikaajiriwa na kamati ya makanisa iliyowahudumia watu waliokimbia vita. Ulikuwa mwaka wa elfu mbili na mbili. Askari walioushika mji, waliokuwa wakipigana vita huko milimani, walikuwa wameamuru kwamba mtu yeyote asivuke kizuizi cha darajani bila karatasi, na kwa vile wao hawakuwa na kompyuta wala subira, waliitupia kamati yetu kazi ya kuzichapa. Wenyeji wa mji walipewa karatasi ya miezi sita. Waliohama kutoka milimani walipewa ya siku kumi na nne. Tulikuwa na kompyuta moja na printa moja, na katriji ya wino wa unga ilitoka Uvira kwa mtumbwi wa mota, iwapo mtumbwi ulifika, na iwapo haukunyang’anywa njiani.

Nilikaa siku mbili nikifikiri. Kisha nikafanya jambo rahisi ambalo mtu yeyote aliyesoma masomo yangu angelifanya. Niliiambia kompyuta kwamba nataka kuongeza printa nyingine, nikaionyesha mashine ile ile. Kompyuta haichungulii mezani kuhesabu mashine. Ukiipa majina mawili, inaamini ziko mbili. Ya kwanza niliipa wino wote. Ya pili niliiwekea uchapaji wa kubana wino, ule wa rasimu, hata ukurasa ukatumia nusu tu. Karatasi inayoishi siku kumi na nne, nilijiambia, haina haja ya wino wa miezi sita. Kisha, ili Mama Dorothée asichanganyikiwe siku nisipokuwepo, nikaziandikia majina ambayo hata mtu asiyejua kompyuta angeyaelewa. Moja niliiita WENYEJI. Nyingine niliiita WAGENI.

Katriji iliyokuwa ikiisha kwa mwezi mmoja ikafika karibu miwili. Papa Bonaventure, mkuu wa ofisi, mwalimu mstaafu na shemasi, alinishika mkono mbele ya watumishi wote akasema, “Hii njo akili ya masomo!” Usiku ule nilimwandikia mama yangu Uvira kwamba nimeanza kuwa na faida kwa nchi.

“Nilitabasamu” ndilo neno ambalo ningependa kulifuta katika habari hii, lakini nimeapa kuiandika yote.

Kabagwira hakutabasamu. Alivuta kigoda akaketi bila kukaribishwa, akatoa maneno yake polepole, kama mtu anayeshusha mzigo asitake kitu kivunjike.

“Siku kumi na moja imepita. Tulikuwa bane: mi, bwana yangu Rukunda, mutoto wetu Ihirwe, na Anastasie, mama ya hapa Baraka tulilala kwake. Anastasie alikuwa na karatasi nyeusi. Akapita. Akasema mutoto ni wake. Bakamuacha apite na mutoto. Sisi bakatusimamisha kando. Baliangalia karatasi tu, hivi, kwa jua. Rukunda bakamupa sanduku ya masasi abebe kwenda kule milimani. Yeye na banaume batano. Bote beko na za nyeupe. Mi bakanisukuma nirudi.”

“Na sasa mtoto yuko wapi?”

“Iko Nundu, kule mbele ya daraja, na Anastasie. Lakini Anastasie anavuka na mutumbwi alhamisi, kwenda Kigoma. Alituma ujumbe na muchuuzi wa samaki. Hawezi kuningoja, naye iko na batoto bake. Ataenda na Ihirwe. Mutoto wa miaka tisa, kule kambini, nitamupata wapi?”

Ilikuwa Jumanne.

Nilichukua karatasi yake nikamwonyesha kwa kidole, kwa upole wa mtu anayemfundisha mwingine kusoma. “Mama, tazama. Mhuri ni ule ule. Sahihi ni ile ile. Karatasi zote zina nguvu sawa. Tofauti ni wino tu, tunabana wino.”

“Mutoto wangu,” akasema, na ilikuwa mara ya kwanza sauti yake kulegea, “kule hakuna muntu anaisoma.”

Mama Dorothée aliacha kugonga mihuri. “Binti, hujasikia sokoni vile banaziita? Karatasi za maziwa.”

Nilikuwa nimesikia. Nilidhani ni utani wa wauza samaki juu ya wafuga ng’ombe wa milimani, na nilikuwa nimecheka pamoja nao.

“Nifanyie moja nyeusi,” Kabagwira akasema. “Na ya Rukunda vilevile.”

“Lakini Mama, yeye hayupo. Hata hatujui kama…”

“Siku atarudi atapitia wapi? Si pale pale? Atanifuata na karatasi gani?”

Nilisema kile mtu husema anapotaka macho ya mwingine yaondoke usoni pake: “Kesho saa sita, Mama. Njoo kwa mlango huu huu. Utazikuta zote mbili.”

Aliondoka bila kushukuru. Mama Dorothée alinitazama juu ya miwani yake iliyofungwa uzi. “Umeahidi kitu gani, we mutoto?”

“Karatasi mbili tu.”

“Mbili tu,” akarudia, akacheka kicheko kifupi kisichokuwa na furaha, akaendelea kugonga.

Alasiri nilikwenda darajani. Sikutaka kumwamini mwanamke yule. Nilitaka kurudi nikiwa na hakika kwamba alikuwa amekosea, kwamba mumewe alichukuliwa kwa sababu nyingine, sababu isiyokuwa na uhusiano wowote nami. Nilinunua muhogo wa kuchoma kwa mama aliyeketi hatua chache kutoka kizuizini, nikakaa kwenye kivuli cha mwavuli wake nikijifanya nala.

Kizuizi kilikuwa kamba iliyofungwa kati ya mapipa mawili. Askari mmoja aliketi juu ya kreti ya bia, amevaa kandambili, bunduki imelala mapajani kama mtoto. Watu walimpa karatasi zao akazikusanya, akaziinua moja moja kuelekea jua. Hakuzisoma. Moja aliishika juu chini, miguu ya herufi ikitazama mbinguni, wala hakuigeuza. Alichotafuta kilionekana hata hivyo.

“Nyeusi, pita. Nyeusi, pita. Mama, pita. Maziwa, kaa kule.”

Kule palikuwa na wanaume wawili na msichana wa rika langu, wamechuchumaa juani kando ya magunia yaliyoshonwa midomo. Mmoja wa wanaume alikuwa bado ameishika karatasi yake kwa mikono miwili, wazi kifuani, kana kwamba kuna mtu angepita akaisoma.

“Tangu lini wanafanya hivi?” nikamuuliza mama wa muhogo.

“Tangu bureau ya makanisa ianze kubasaidia,” akajibu. “Zamani balikuwa wanauliza-uliza, ulikuwa unaweza kujitetea. Balikuwa wanachelewa sana. Sasa iko haraka.”

Haraka. Niliutazama muhogo mkononi mwangu. Kule Bukavu walitufundisha kwamba kazi yetu ni kupunguza muda ambao mtu hupoteza. Mtihani wa mwisho nilipata alama za juu kuliko wote katika somo hilo.

Nilimkuta Papa Bonaventure ofisini akifunga madirisha. Nilimweleza yote kwa pumzi moja, nikimalizia kwa suluhisho, kwa kuwa bado nilikuwa mtu wa suluhisho: nifute printa ya pili, karatasi zote zitoke kwa wino mmoja, hata ikiwa katriji itaisha mapema. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaketi, akavua kofia yake akaiweka gotini.

“Mademoiselle Clarisse, unafikiri mi sijui?”

Niliketi kwenye kiti cha Mama Dorothée.

“Nilijua tangu mwezi wa sita. Komanda wa askari aliniita, akanipa chai. Akasema, mwalimu, kazi yenu inasaidia sana bavijana bangu kwenye barrière ya darajani. Akasema hata yeye hangefikiria akili hiyo.”

“Na ulinyamaza, Papa?”

“Nilinyamaza. Na jamaa mia ine bakapata mbegu ya mahindi. Nilinyamaza, na ofisi haikufungwa. Bengi katika hao mia ine beko batu ba milima, bale bale unabalilia. Nikifuta hiyo printa yako kesho, komanda atasema nafichia adui. Atafunga. Nani atabagawia mbegu? We na diploma yako?”

Hakusema kwa ukali. Laiti angesema kwa ukali ningepata mahali pa kushika. Alikuwa mzee aliyechoka, kola ya shati lake imegeuzwa ili upande uliochakaa usionekane, na hesabu yake ya watu ilikuwa imetulia kichwani mwake kwa miezi miwili wakati yangu ilikuwa haijaanza.

“Lakini ni mimi niliyeifanya,” nikasema.

“Ndiyo. Na ilikuwa kazi nzuri. Kwenda ulale.”

Asubuhi ya Jumatano nilifika kabla ya wote. Niliwasha jenereta, nikafungua mahali pa printa kwenye kompyuta. Zilikuwa pale, picha mbili ndogo za mashine zinazofanana, moja kando ya nyingine. Nikachagua WAGENI, nikaifuta. Kompyuta iliniuliza kama nina hakika. Ni swali ambalo haikuniuliza siku ile nilipoiongeza.

Foleni ilipofunguliwa, nilichapa kama mtu anayekimbizwa. Wa kwanza mzee wa Minembwe, karatasi nyeusi ti. Wa pili mama wa Baraka, nyeusi. Wa tatu, wa nne, watu wa milimani. Mama Dorothée alizipokea moja moja zikiwa bado na joto, akazitazama, akanitazama, akagonga mhuri. Kufikia saa nne nilikuwa nimetoa karatasi ishirini na sita, na ile ya ishirini na sita ilitoka na mchirizi mweupe ukingoni mwake, kama njia ya konokono. Katriji ilikuwa ukingoni. Nilijua ingekuwa hivyo. Kwa wino wa nusu tungemaliza siku nzima. Kwa wino mzima, hata saa sita ilikuwa mbali.

Papa Bonaventure aliingia akiwa amevaa kofia. Hakuivua.

“Batu tisa bamepita na nyeusi asubuhi hii,” akasema. “Tisa, ba milima. Wa kumi aliulizwa jina ya avenue yake, mtaa anakaa. Akajibu, bakasikia vile anaongea. Sasa banasimamisha bote. Kila muntu anafungua kinywa ndipo apite. Kuko foleni kutoka darajani hadi sokoni, na bamama ba Baraka banatukana jina yetu. Komanda ametuma muntu kwangu. Nimemwambia ni mashine, imeharibika.”

“Asante, Papa.”

“Usinishukuru. Rudisha ile printa.”

“Sitairudisha.”

Alitikisa kichwa polepole, kama alivyokuwa akitikisa, nadhani, mbele ya mwanafunzi mwerevu aliyekosea swali jepesi. Kisha akamgeukia Mama Dorothée. “Kuanzia leo, kila karatasi ya mgeni utapiga mustari mwekundu pembeni. Na kalamu. Kalamu haiombi mafuta ya jenereta.”

Tangu jana nilidhani kwamba nimeliumba jambo hilo peke yangu, na kwa hiyo kwamba naweza kulifuta. Ilichukua kalamu nyekundu ya Mama Dorothée, iliyotafunwa kwenye mkia, kunionyesha ukubwa wangu.

“We, Clarisse, saa nane nitakuja kuchukua funguo,” akaendelea. “Sina namna. Lakini lesepase yako ilikwisha Jumapili, nimeona. Jichapie ingine, ya miezi sita. Urudi kwenu Uvira, kwa mama yako. Usibaki hapa, banajua jina yako kule kwa komanda. Hiyo nakupa kwa roho safi.”

Akatoka. Hakunitazama tena, na nilifurahi kwa hilo, kwa sababu ningelia.

Kabagwira alifika saa sita kamili, kwa mlango wa nyuma. Safari hii alisalimu. Alisimama kando ya meza, mikono imekunjwa tumboni, macho yake kwenye mashine na si kwangu.

Niliitoa katriji. Kuna jambo ambalo mafundi wote wanalijua wala halimo vitabuni: katriji inayoisha, ukiitikisa kulia na kushoto, taratibu, kama mtu apepetaye mchele, unga uliojificha pembeni hurudi katikati, nayo hukupa kurasa chache zaidi. Chache kweli. Kwa katriji ile, iliyokwisha kutikiswa mara mbili, mimi mwenyewe nilikisia mbili safi. Pengine mbili na nusu.

Niliirudisha, nikaandika karatasi ya Kabagwira kama mwenyeji wa Baraka. Mahali pa makazi niliandika chumba changu, nyuma ya kanisa. Nikachapa. Ilitoka nyeusi, nyeusi kuliko zote za asubuhi, herufi za jina lake zimesimama wima kama watu walioamka.

Kisha nikafungua karatasi mbili kwenye kioo cha kompyuta. Moja ilikuwa na jina la Rukunda. Nyingine ilikuwa na jina langu.

Nataka kusema ukweli hapa. Nilikaa mbele ya majina yale kwa muda mrefu. Nilijiambia kwamba mtu aliyebebeshwa masasi kwenda kwenye mapigano siku kumi na mbili zilizopita haihitaji karatasi leo. Nilijiambia kwamba huenda hataihitaji kamwe. Nilijiambia kwamba nikianza na yangu, kisha nikachapa yake hata ikatoka hafifu, bado nitakuwa nimetimiza neno; sikumwahidi rangi. Lakini nilikuwa nimemwahidi rangi. Alikuwa ameniomba nyeusi na mimi nikasema utazikuta zote mbili. Nilijiambia kwamba mama yangu yuko Uvira na ananingoja. Kando yangu mwanamke yule alikuwa amesimama, hajui kusoma kioo, hajui kwamba hesabu ilikuwa inafanywa. Ningeweza kumwambia wino umekwisha, naye angeniamini. Ndilo lililonishinda. Angeniamini.

Nikachapa ya Rukunda.

Ilitoka polepole. Mistari ya juu ilikuwa myeusi, ya kati myeusi, na mstari wa mwisho kabisa, ule wa tarehe, ulikuwa umeanza kuchoka, lakini ulifika. Nikaipuliza bila sababu.

Ya tatu ilikuwa yangu. Haikufika. Ilitoka na rangi ya majivu, na mchirizi mweupe ukapita katikati ya jina langu toka juu hadi chini. Nikatikisa tena, nikachapa tena. Ikatoka nyeupe zaidi.

Niliikunja hiyo ya mwisho, nikazipeleka zile tatu kwa Mama Dorothée. Kalamu nyekundu ilikuwa mbele yake, haina kifuniko. Alisoma ya kwanza kwa kidole, neno kwa neno.

“Huyu anakaa wapi?”

“Kwangu.”

“Na huyu? Huyu Rukunda?”

“Naye kwangu.”

“Wote kwako.” Alimwangalia Kabagwira, udongo ule mwekundu viatuni, kitenge kile begani. “Chumba yako ni kubwa sana, binti. Mi nilidhani ni kile cha kitanda kimoja.”

Hakuna aliyecheka. Mkono wake ulikwenda kwenye kalamu, ukaisogeza kando, ukachukua mhuri. Akagonga ya Kabagwira. Akagonga ya Rukunda. Alipofika kwenye yangu alisita, akaiinua kidogo kuelekea dirishani, bila kukusudia, nadhani, kama mkono wake ulivyokuwa umezoea kuona wengine wakifanya. Kisha akaigonga nayo, mara mbili, kwa nguvu, kana kwamba mhuri ungeweza kuongeza wino uliokosekana.

“Kwenda,” akasema. “Nitamwambia Papa umeacha funguo mezani.”

Tulitembea hadi darajani. Jua lilikuwa kali na foleni ilikuwa ndefu. Wanawake wa sokoni walisimama na mabeseni yao vichwani wakilaani makanisa yote, la kwetu na la Wakatoliki pamoja. Kabagwira aliikunja karatasi ya mumewe mara nne akaitia ndani ya blauzi, upande wa moyo. Yake aliishika mkononi.

“Ya kwako iko wapi?” akaniuliza.

“Ninayo.”

“Nyeusi?”

“Mama, songa mbele, foleni inatembea.”

Askari alikuwa yule yule wa jana. Aliiinua karatasi ya Kabagwira kuelekea jua, akaridhika, kisha akakumbuka amri mpya ya asubuhi. “Sema kitu, Mama.”

Kabagwira alinitazama, midomo imefumbwa: neno moja tu lingeonyesha anatoka wapi. Nyuma yetu watu walikuwa wakisukuma.

“Sema kitu, nimesema. Jina ya muntu anakujua hapa mujini.”

“Mimi,” nikasema, nikapenya mbele, bega langu likagusa lake. “Anakaa kwangu. Nyuma ya kanisa. Muulize mama yeyote hapa kama hanijui.”

“Tunamujua!” sauti ikatoka nyuma, sauti ya mwanamke aliyechoka kubeba beseni. “Ni wa bureau ya makanisa, yule wa mashine! Achia batu bapite, jua inatuua!”

Askari alinitazama, akaitazama tena karatasi. Ilikuwa nyeusi. Haikuwa na mstari mwekundu. Akamrudishia kama mtu anayefukuza nzi, akainua kamba.

Kabagwira aliinama akapita chini yake. Alipofika upande wa pili alisimama, akageuka, akanyoosha mkono wake kunivuta, kwa vile alidhani ninakuja. Kamba ilikuwa bado juu. Askari alikuwa akiningoja, uso wake haujali, kiganja kimefunguliwa kwa ajili ya karatasi yangu.

“Na we, mamzeli? Unapita?”

“Hapana,” nikasema. “Mimi nilikuwa nasindikiza tu.”

Alingoja kidogo, kisha akaiachia kamba.